Mpaka wa Shamba na Mpaka wa Madaraka

Tembea katika kijiji chochote cha Kahama, Kishapu au Geita. Utaona mipaka. Hapa pamepandwa minyaa, pale katani, kule yamewekwa mawe. Kila mtu anajua shamba lake linaishia wapi. Mtu akisogeza jiwe la mpaka usiku, jirani atagundua asubuhi.

Madaraka nayo yana mipaka. Mwenyekiti wa kijiji ana mpaka wake. Mtendaji ana mpaka wake. Mgambo na sungusungu wana mpaka wao. Hata Serikali ya nchi ina mpaka, nao umeandikwa katika Katiba. Lakini mpaka wa shamba unauona kwa macho. Mpaka wa madaraka huuoni mpaka usome au usomewe. Sasa wewe umejua kusoma. Tuusome pamoja.

1. NGITILI ZILIZOPOTEA NA ZILIZORUDI

Wasukuma wana desturi ya zamani ya kutunza ngitili. Ngitili ni eneo la majani na miti linalofungwa mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii. Majani yanakua. Kiangazi kikikaza, mwenye ngitili anaifungua kidogo kidogo, mifugo inakula. Humo pia watu hupata kuni, fito, dawa na majani ya kuezekea.

Mwezi wa Novemba 1973, Serikali ilitangaza kwamba watu wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Huko Shinyanga operesheni ya kuhamisha watu ilifanyika mwaka 1974. Nia ilikuwa kuwaweka watu pamoja ili wapate shule, maji na zahanati. Mambo hayo ni mema. Lakini watu wengi hawakuulizwa. Walihamishwa, wakaacha nyumba, mashamba na ngitili zao.

Ngitili ikabaki mbali na mwenyewe. Aliyekuwa akiilinda hayupo. Aliyekuwa karibu nayo hakuwa na haki nayo. Kila mtu akaingiza ng'ombe, kila mtu akakata miti. Tena miti mingi ilikwisha kukatwa zamani, ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Kufika miaka ya 1980, watu walianza kusema kwamba Shinyanga inageuka jangwa. Mwaka 1986 ngitili zilizobaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu.

Mwaka huo huo 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu waliuita HASHI. Mradi huu haukuhamisha watu. Wataalamu waliwauliza wazee jinsi ngitili zilivyotunzwa zamani. Watu wakazifunga tena. Nyingi zilikuwa za kaya, nyingine za shule, za vikundi na za kijiji kizima. Dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, likasimamia: anayeingiza ng'ombe katika ngitili ya mwenzake analipa faini. Vijiji vikatunga sheria ndogo za kusaidia desturi hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikadiriwa kufika zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule.

Ndugu msomaji, jiulize: kwa nini zilirudi? Mvua haikuongezeka. Ardhi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mtu alipofunga ngitili alijua kuwa kiangazi ataivuna yeye, si mwingine. Na kijiji kilifanya kazi moja muhimu: kililinda mpaka wake.

2. MAHAKAMA ILISEMA NINI

Baada ya Operesheni Vijiji, watu wengi walidai mashamba yao ya zamani mahakamani. Mwaka 1992 Bunge lilitunga sheria ya kufuta haki zao za kimila katika vijiji hivyo na kuzuia kesi zao.

Mkulima mmoja na mwanawe, wakazi wa Mkoa wa Arusha, walikuwa wamekwisha kushinda kesi yao. Hawakukubali. Walikwenda Mahakama Kuu, wakasema sheria hiyo inavunja Katiba. Kesi ikafika Mahakama ya Rufani, ambayo ni mahakama ya juu kabisa nchini.

Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani iliamua. Ilisema kwamba haki ya kimila ya kukaa na kutumia ardhi ni mali. Mali inalindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Basi mtu hawezi kunyang'anywa ardhi yake bila fidia ya haki, hata kama hana hati, maana jasho lake limeingia katika ardhi hiyo. Tena mtu hawezi kufungiwa mlango wa mahakama.

Uamuzi huu si wa watu wa Arusha peke yao. Unamlinda mkulima wa pamba wa Maswa na mfugaji wa Kishapu. Ona: baba na mtoto, watu wa jembe, walisimama mbele ya Serikali, na Mahakama ikawasikiliza.

3. KIJIJI KINAWEZA NINI, HAKIWEZI NINI

Zamani za mkoloni, watu wa Usukuma waliamriwa mambo mengi na serikali ya wilaya: namna ya kulima matuta, idadi ya mifugo ya kupunguza, kodi za kulipa. Aliyekataa alitozwa faini. Mwaka 1958 watu wa Geita walikataa halmashauri ya wilaya ambayo Waingereza waliwaundia bila ridhaa yao. Watu wengi walitoka Geita wakaenda Mwanza kupeleka malalamiko yao. Walikuwa wanasema jambo moja: mamlaka ambayo hatukuyakubali si yetu.

Leo sheria imeweka ridhaa hiyo katika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inasema kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano huo. Wewe ni mjumbe. Hukuchaguliwa na mtu, na hakuna mtu awezaye kukuondoa. Mkutano Mkuu ndio wenye neno la mwisho. Halmashauri ya Kijiji ni watumishi wake.

Soma mambo haya polepole.

Sheria ndogo. Halmashauri ya Kijiji inaweza kupendekeza sheria ndogo. Lakini lazima kwanza iwaite wananchi mkutanoni watoe maoni. Kisha sheria hiyo ipelekwe Halmashauri ya Wilaya. Isipokubaliwa huko, bado si sheria.

Ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji inasimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, kama mdhamini. Mdhamini si mwenye mali. Halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji mpaka Mkutano Mkuu ukubali. Mwenyekiti akiuza ardhi ya kijiji peke yake chini ya mwembe, ameuza kisicho chake.

Kodi. Ibara ya 138 ya Katiba inasema kodi haitozwi ila kwa kufuata sheria iliyotungwa na Bunge. Wazee wanakumbuka kodi ya maendeleo. Watu wazima walikimbilia porini wakisikia watoza kodi wanakuja. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003. Mwaka 2017 ushuru wa mazao nao ulipunguzwa, kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Ukitozwa ushuru, uliza kiwango cha sasa, na usiondoke bila stakabadhi ya Serikali.

Adhabu. Katiba, Ibara ya 13, inasema mtu asihesabiwe mkosaji mpaka ithibitishwe kwamba ametenda kosa. Inasema pia mtu ana haki ya kusikilizwa na kukata rufaa. Tuseme hukutoa mchango wa kujenga ghala. Mgambo anakuja kuchukua mbuzi wako. Muulize: ni sheria ndogo ipi? Ilikubaliwa lini wilayani? Nani ameamua kwamba nina kosa? Mgambo si hakimu.

4. PENYE DHAHABU

Katika ukanda wa Geita na Kahama, mipaka hupimwa kwa nguvu zaidi. Leo ni shamba la mihogo. Kesho mtu ameokota jiwe lenye dhahabu. Keshokutwa wamekuja watu elfu moja, na mihogo imekwisha.

Lazima ujue jambo moja ambalo wengi hawalijui. Ardhi na madini ni vitu viwili. Kwa sheria yetu, madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya taifa. Kwa hiyo kuwa na shamba si kuwa na dhahabu iliyo chini yake. Leseni hutolewa na Tume ya Madini. Mwenyekiti wa kijiji hatoi leseni, wala mtendaji hatoi.

Lakini leseni ya madini nayo haifuti haki ya mwenye shamba. Nyumba yako, mazao yako na miti yako ni mali. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya maandishi ya mwenye eneo kabla ya kuchimba jirani na nyumba au shamba lililolimwa. Anayeharibu mali analipa fidia. Anayekuhamisha analipa fidia kabla hujahama, si baada.

Tukumbuke Bulyanhulu. Mwezi wa Agosti 1996, maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa huko, katika Wilaya ya Kahama, kupisha mgodi mkubwa. Mgodi huo ulifunguliwa mwaka 2001. Mabishano juu ya namna watu walivyoondolewa, na juu ya haki zao, yaliendelea kwa miaka mingi. Wengi hawakuwa na karatasi yoyote mkononi. Walikuwa na maduara, karasha, na maneno ya mdomo. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Jambo jingine linatufundisha. Zamani wachimbaji wadogo wengi waliuza dhahabu kwa kificho, maana kodi zilikuwa nyingi. Mwezi wa Februari 2019 Bunge liliwaondolea kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Mwezi wa Machi soko la dhahabu likafunguliwa Geita, mahali ambapo mchimbaji anapima na kuuza mchana kweupe. Mzigo ukipungua, mtu hana haja ya kujificha.

5. MAZUNGUMZO

Huu ni mfano tu. Mjane mmoja ana ngitili ya ekari sita. Mtendaji wa kijiji amemtembelea. Someni darasani, mmoja awe mtendaji, mwingine awe mama.

Mtendaji: Shikamoo, mama.

Mama: Marahaba, mwanangu. Karibu kiti.

Mtendaji: Asante, mama. Nimeleta habari. Kijiji kimempa mgeni eneo la kuweka karasha. Ni hapa kwenye ngitili yako. Uondoe ng'ombe kabla ya Jumamosi.

Mama: Nimesikia. Kijiji ni nani, mwanangu? Ni halmashauri au ni mkutano mkuu?

Mtendaji: Ni halmashauri. Tulikaa juzi.

Mama: Na mkutano mkuu ulikaa lini? Mimi sikusikia mbiu.

Mtendaji: Bado haujakaa.

Mama: Basi kijiji bado hakijasema. Muhtasari wa kikao cha juzi uko wapi?

Mtendaji: Uko ofisini.

Mama: Nitakuja kuusoma. Siku hizi nasoma.

Mtendaji: Lakini mama, eneo lilikuwa la marehemu mzee. Ndugu zake wamekubali.

Mama: Minyaa ile tuliipanda pamoja, mimi na marehemu. Sheria ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki ya kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia sawa na mwanamume. Ndugu zake hawawezi kukubali kwa niaba yangu.

Mtendaji: Karasha italeta kazi kwa vijana wetu, mama.

Mama: Sikatai vijana kupata kazi. Mgeni na aje tuzungumze. Kama anataka kukodi, aseme bei, tuandike mkataba mbele ya mashahidi. Nikikubali, nimekubali mwenyewe. Nikikataa, atafute pengine. Na zebaki yake isifike kisimani.

Mtendaji: Nitamweleza mwenyekiti.

Mama: Mweleze kwa heshima. Sigombani na kijiji. Hata mimi ni kijiji.

6. SUNGUSUNGU: ULINZI WENYE MPAKA

Miaka ya mwanzo ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulizidi katika Shinyanga na Kahama. Polisi walikuwa wachache na mbali. Watu hawakungoja. Walijiunga wenyewe kwa mishale na filimbi, wakajiita sungusungu. Mwizi akipita kijiji kimoja, filimbi ililia kijiji cha pili. Wizi ulipungua sana. Mwaka 1989 sheria ya nchi iliwatambua.

Hili ni fundisho kubwa. Watu wa kawaida wanaweza kujilinda bila kungoja amri kutoka juu.

Lakini kuna fundisho la pili. Pengine watu walikamatwa na kupigwa bila ushahidi. Wengine walitozwa faini bila kusikilizwa, wengine walifukuzwa kijijini. Vikongwe walisingiziwa uchawi kwa sababu macho yao ni mekundu, na wengine katika mikoa hii waliuawa. Ndugu msomaji, macho mekundu ya mama mzee ni kazi ya moshi wa jikoni, miaka hamsini ya moshi.

Basi wingi wa watu si haki. Mia wakikubaliana kumwonea mmoja, bado ni uonevu. Ndiyo maana haki za mtu haziwekwi kwenye kura. Haki hizo ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, ili zimlinde mtu mmoja hata mbele ya wengi.

7. SERIKALI IWE KUBWA KIASI GANI?

Wapo watu duniani wanaosema kazi ya serikali iwe ndogo sana. Mawazo yao huitwa ulibertari. Mmoja wao alikuwa Robert Nozick, mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani. Alitoa kitabu chake mwaka 1974, mwaka ule ule wa operesheni ya Shinyanga. Alisema serikali imlinde mtu asipigwe, asiibiwe, asidanganywe, na ihakikishe mikataba inatimizwa. Zaidi ya hapo, alisema, serikali inaanza kuvunja haki za watu. Mtu ni mwenyewe wa mwili wake, wa kazi yake, na wa mali aliyoipata kwa haki.

Mwalimu Julius Nyerere alifikiri tofauti. Mwaka 1958 aliandika kijitabu kiitwacho Mali ya Taifa. Alisema ardhi hakuiumba mtu. Mtu ana haki ya kuitumia, lakini isiwe bidhaa ya sokoni, kwa sababu wenye fedha wataimaliza, na watoto wa maskini watakuwa wapangaji katika nchi yao.

Pande zote mbili zina jambo la kutufundisha. Operesheni ya 1974 ilionyesha hatari ya serikali inayoamua kila kitu. Lakini chukua zebaki. Mchimbaji anaosha dhahabu katika duara lake, maji yanashuka mtoni, samaki wanapata sumu, mtoto wa kijiji cha chini anaugua. Hapo uhuru wa mchimbaji umevuka mpaka wa mwenzake. Lazima awepo wa kumzuia. Hata anayetaka serikali ndogo atakubali hilo.

Na shule je? Na kisima? Na barabara ya kumpeleka mama mjamzito hospitali? Wengine watasema watu wachange kwa hiari. Wengine watasema wote watozwe, maana mvivu atakunywa maji ya mwenzake. Ninyi jadilianeni. Lakini shikeni jambo moja: anayetaka kijiji kifanye zaidi, na anayetaka kifanye kidogo, wote wawili wanahitaji kijiji kinachofuata sheria na kinachosoma hesabu zake mbele ya watu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Ukiletewa amri, uliza maswali haya matano, kwa upole, bila matusi:

1. Ni sheria ipi? Naomba niisome.
2. Nani aliipitisha, na lini?
3. Je, nimesikilizwa?
4. Stakabadhi iko wapi?
5. Nisiporidhika, nipeleke rufaa wapi?

Na wewe ukitaka kufanya jambo katika eneo lako, jiulize swali moja: je, linamdhuru jirani?

MANENO MAPYA

Fidia: malipo ya mali iliyochukuliwa au kuharibiwa.
Mdhamini: anayetunza mali kwa niaba ya wengine.
Muhtasari: maandishi ya mambo yaliyoamuliwa kikaoni.
Ridhaa: kukubali kwa hiari.
Rufaa: kupeleka shauri mbele ya mamlaka ya juu.
Stakabadhi: karatasi ya kuthibitisha malipo, risiti.

MASWALI YA MJADALA

1. Kwa nini ngitili ziliharibika baada ya watu kuhamishwa? Kwa nini zilirudi?
2. Katika mazungumzo, mtendaji alikosea wapi? Je, alikuwa na jambo jema pia?
3. Je, ni haki kijiji kumlazimisha mtu kuchangia kisima kama yeye ana kisima chake?
4. Mara ya mwisho taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa lini katika kijiji chenu?

KAZI YA NYUMBANI

Chukua daftari. Andika ukubwa wa shamba lako na mipaka yake minne: upande wa mashariki, magharibi, kaskazini na kusini. Andika majina ya majirani wa kila upande. Waombe watie sahihi au dole gumba. Andika tarehe. Kisha uliza ofisi ya kijiji utaratibu wa kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Kama wewe ni mume na mke, majina yote mawili yaandikwe.